Pikipiki Ndogo: Namna ya Kuiendesha na Kuitunza Katika Hewa ya Bahari

Wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe huanza safari zao za kila siku kwa pikipiki. Matatu hukomea barabara kuu. Kutoka hapo hadi nyumbani Mtongwe, Mtopanga, Kiembeni au Chaani ni kazi ya bodaboda. Pikipiki hizo pia hupeleka mboga sokoni, mtungi wa gesi kwa mteja, mgonjwa zahanati na mtoto shuleni. Nyingi zimenunuliwa kwa mkopo, na siku pikipiki isipotoka, chakula cha nyumbani na malipo ya mkopo hukwama pamoja.

Makala haya yanaeleza namna ya kuendesha na kutunza pikipiki ndogo, kuanzia mopedi ya saizi 50 hadi pikipiki ya saizi 150. Yanamhusu mwenye pikipiki, kijana aliyeajiriwa kuiendesha, na abiria anayepanda nyuma. Vipimo vilivyotajwa ni vya kawaida kwa pikipiki za aina hii. Kitabu kilichokuja na pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Ijue injini yako

Pikipiki ndogo ni za namna mbili. Mopedi na skuta za zamani nyingi zina injini ya mapigo mawili. Injini hiyo haina mahali pa kuweka oili chini. Oili huchanganywa na petroli, au huwekwa katika tangi dogo la pembeni na injini hujichanganyia yenyewe. Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita 1. Zile za zamani zaidi huhitaji mara mbili ya hiyo. Ukisahau oili hata kwa tangi moja, pistoni hukauka na kukwama.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya mapigo manne. Hizi hutiwa petroli tupu kwenye tangi, na oili hukaa chini ya injini. Ukichanganya oili na petroli katika injini ya namna hii, plagi itaziba masizi na moshi utakuwa mwingi.

Tofauti nyingine ni gia. Skuta na mopedi nyingi hazina klachi ya mkono: ukizungusha akseli, inaondoka. Katika skuta hizo breki zote mbili huwa mikononi. Pikipiki ya gia ina klachi mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, breki ya mbele mkono wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kulia. Anayehama kutoka aina moja hadi nyingine afanye mazoezi uwanjani kwanza. Mkono ulizoea klachi unaweza kukamata breki ghafla.

Dakika tano za asubuhi

Kabla ya kuondoka, izunguke pikipiki yako na uangalie mambo haya:

1. Tairi. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi. Kwa kawaida tairi ya mbele huhitaji upepo wa 25 hivi, na ya nyuma kati ya 28 na 36 kulingana na mzigo. Angalia misumari, nyufa, na kama meno ya tairi yameisha.
2. Breki. Kamata breki ya mbele na usukume pikipiki; isisogee. Fanya hivyo na ya nyuma.
3. Oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache, kisha utazame kijiti au kioo cha oili. Iwe kati ya alama ya chini na ya juu.
4. Cheni. Isilegee wala isikazwe kama waya wa umeme.
5. Taa, indiketa, taa ya breki na honi.
6. Nati za magurudumu, na vioo vya pembeni.
7. Petroli ya kutosha safari.

Kazi yote hii haizidi dakika tano. Nati iliyolegea ikigunduliwa kizimbani hukazwa kwa spana moja. Ikigunduliwa kwenye daraja la Nyali, trela likiwa nyuma yako, imeshachelewa.

Kusimama ni kugumu kuliko kuondoka

Mwendo wa juu katika barabara za mjini ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka mbele yako, sekunde nzima huweza kupita kabla mkono wako haujafika kwenye breki. Mita 14 zimekwisha hata kabla ya breki kuanza kufanya kazi. Kwa hiyo acha nafasi ya angalau sekunde mbili kati yako na gari la mbele, na mvua ikinyesha ziwe nne.

Madereva wengi huogopa breki ya mbele wakidhani itawarusha. Ukweli ni kwamba pikipiki ikipunguza mwendo, uzito huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ya nyuma ikitumika peke yake, gurudumu hufunga, tairi huteleza na pikipiki hulala ubavu. Tumia zote mbili kwa pamoja, pikipiki ikiwa imenyooka. Ikamate ya mbele kwa kuongeza nguvu taratibu, usiipokonye. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Penye mchanga, kama njia nyingi za ndani za Kisauni na Likoni, au penye oili iliyomwagika, ilegeze ya mbele na usipinde ghafla.

Breki za pikipiki ndogo nyingi ni za ngoma. Ukipita kwenye dimbwi, maji huingia ndani na breki hupoteza nguvu. Ukishatoka majini, endesha polepole huku umezikamata kidogo hadi zikauke na kuanza kushika tena.

Trela, feri na abiria

Anayeendesha Changamwe, Port Reitz, Miritini na Jomvu hushiriki barabara na malori ya kontena. Dereva wa trela hukaa juu na mbele, na kuna sehemu kubwa pembeni na nyuma yake asizoziona. Kanuni ni rahisi: usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Trela likitaka kupinda kushoto, mara nyingi kichwa hutoka kwanza kuelekea kulia, kisha mkia hukata ndani. Nafasi inayoonekana wazi upande wa kushoto hufungika kama mlango. Usiingie hapo. Subiri lipite.

Kwenye feri ya Likoni, fuata maagizo ya wahudumu, na ukishaingia uzime injini. Bamba la chuma la kupandia huwa na maji na hutelezesha. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mteremko huwa mkali zaidi, kwa hivyo ingia kwa gia ya chini na mwendo wa mtu anayetembea. Usikamate breki kwa nguvu juu ya chuma kilicholowa.

Abiria naye ana sehemu yake. Katika pikipiki nyingi salensa iko upande wa kulia, hivyo panda na ushuke upande wa kushoto. Ukiungua, mimina maji safi baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia huongeza madhara. Leso, buibui, dira na kanzu zikusanywe na kukaliwa vizuri kabla ya pikipiki kuondoka. Ncha ya nguo ikinaswa na spoki au cheni, humvuta abiria chini kwa ghafla. Dereva asiondoke kabla ya kuangalia nguo za abiria wake, na abiria asione haya kumwambia asubiri. Kukaa upande hupunguza usawa wa pikipiki na humwacha abiria bila pa kushika vizuri. Anayeweza kukaa kwa kupanua miguu afanye hivyo.

Oili ndiyo damu ya injini

Kati ya matunzo yote, kubadilisha oili ndiko kunakookoa pesa nyingi zaidi. Injini ndogo hubeba oili ya karibu lita 1 tu. Oili hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi, na hupoza injini isiyo na maji ya kupoza. Ikichoka, kila kitu huchoka pamoja.

Injini mpya ibadilishwe oili mapema, kwa kawaida baada ya kilomita 500 hadi 1,000 za kwanza, kwa sababu vyuma vinavyozoeana huacha unga. Baada ya hapo vitabu vingi hutaja kilomita 2,000 hadi 3,000. Hesabu mwenyewe: bodaboda inayokwenda kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, imekwenda kilomita 2,600. Kwa hiyo oili ya bodaboda ni jambo la kila mwezi. Pikipiki ya kwenda kazini tu, kilomita 15 kwa siku, huweza kukaa miezi kadhaa, ila oili isizidishe mwaka hata kama kilomita ni chache.

Nunua oili ya pikipiki, si ya gari. Katika pikipiki nyingi za gia, klachi huogelea ndani ya oili ya injini. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inahitaji msuguano ili ikamate. Ukitia ya gari, injini italia kwa nguvu lakini pikipiki haitapanda kilima. Tazama chupa: kwa pikipiki za gia tafuta maandishi ya 4T na JASO MA. Kifuniko kiwe hakijafunguliwa.

Moshi wa bluu kwenye salensa ni dalili kwamba oili inaungua ndani. Mlio wa kugonga, joto lisilo la kawaida au oili kupungua kila siku ni sababu ya kumwona fundi leo, kabla ya Jumapili ya mapumziko.

Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro au mchangani. Mitaro yetu huishia baharini na kwenye mikoko ya hori za Tudor na Port Reitz, ambako samaki na kaa wadogo hukulia. Itie kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili iliyotumika.

Cheni, chujio na plagi

Cheni ikaguliwe kila wiki. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia ikiwa huru, kisha usukume cheni juu na chini katikati. Icheze kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu na upime tena, kwani cheni hukaza sehemu moja na kulegea nyingine. Pima kwa sehemu iliyokaza zaidi. Ukiirekebisha, alama za kushoto na kulia za ekseli ziwe sawa, la sivyo gurudumu litakwenda upande. Ipake oili ya cheni au oili nzito ya gia karibu kila kilomita 500, na mapema zaidi baada ya mvua. Zungusha gurudumu kwa mkono. Kuipaka injini ikiwa inanguruma kumewakatisha watu vidole.

Chujio la hewa huzuia mchanga usiingie kwenye injini. Katika mitaa yenye njia za vumbi liangaliwe kila mara oili inapobadilishwa. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kivulini na kupakwa oili kidogo. La karatasi halioshwi. Hupulizwa vumbi au hubadilishwa. Kuendesha bila chujio ili pikipiki "ipumue" ni kuisaga injini kwa mchanga.

Plagi ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini inaungua vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu, petroli ni nyingi au chujio limeziba. Ikiwa nyeusi na ina oili, mwite fundi. Pengo la plagi kwa kawaida ni kati ya milimita 0.6 na 0.8.

Chumvi na mafuriko

Pikipiki ya Mombasa ina adui ambaye ya Nairobi hana. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kula chuma usiku na mchana. Spoki, rimu, cheni, nati za salensa na vichwa vya betri huanza kwanza. Pikipiki inayolala nje karibu na Shelly Beach au Bamburi iangaliwe kutu mara nyingi kuliko ile ya ndani.

Ioshe angalau mara moja kwa wiki, injini ikiwa imepoa. Hapa kuna jambo la kuzingatia: maji ya visima vingi vya Likoni na Kisauni yana chumvi. Ukiosha kwa maji hayo na kuacha yakauke, umeipaka chumvi upya. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, ya mfereji au ya mvua, hata kama ni ndoo moja. Usielekeze mpira wa maji ya kasi kwenye beringi za magurudumu wala kwenye nyaya. Ifute, iache ikauke, kisha upake cheni oili. Vichwa vya betri vipakwe mafuta ya mgando. Waya za klachi na breki zitiwe oili nyembamba zikianza kuwa nzito. Waya ulioota kutu ndani hukatika siku unapouhitaji.

Wakati wa masika njia nyingi za bara hujaa maji. Usipite kwenye maji usiyoyajua kina. Mtaro uliofunguka hauonekani. Maji yakifika usawa wa chujio la hewa, zima injini uisukume. Ikizimika yenyewe majini, usipige kiki wala stata. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikiyasukuma huweza kupinda mkono wake. Toa plagi kwanza, piga kiki taratibu maji yatoke, kausha plagi, kisha tazama oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Imwage na utie mpya kabla ya kuwasha.

Sheria na stakabadhi

Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni za NTSA, dereva na abiria wa pikipiki lazima wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na pikipiki hubeba abiria mmoja tu. Helmeti iwe imefungwa kidevuni; isiyofungwa hutoka kichwani kabla ya kichwa kugonga. Helmeti iliyowahi kupata pigo kubwa ibadilishwe, hata kama haina ufa unaoonekana, kwani sponji ya ndani hubonyea mara moja tu.

Leseni za pikipiki ziko katika daraja A: A1 ni ya mopedi, A2 ya pikipiki, na A3 ya pikipiki za abiria, za kupeleka vifurushi na za magurudumu matatu. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Mwenye bodaboda ahakikishe bima yake ni ya kubeba abiria kwa malipo. Bima ya matumizi binafsi huweza kukataa kumlipa abiria aliyeumia, na gharama ikamrudia mwenye pikipiki.

Anayenunua pikipiki iliyotumika alinganishe namba ya injini na ya chesisi na zile za kitabu cha usajili kabla ya kutoa pesa, kisha abadilishe umiliki kupitia mtandao wa NTSA kwenye eCitizen. Kuendesha kwa jina la mtu mwingine huleta taabu siku ya ajali au ya wizi.

Nani wa kuambiwa

Kwa Katiba ya 2010, leseni na usajili wa pikipiki hushughulikiwa na serikali ya kitaifa kupitia NTSA. Barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho ni kazi ya serikali ya kaunti. Shimo katika njia ya mtaa, mtaro usio na kifuniko au taa iliyozimika ripoti katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Taja jina la njia na alama iliyo karibu, mfano shule, msikiti, kanisa au duka. Taarifa yenye mahali kamili hurahisisha kazi ya mafundi.

Ajali ikitokea, zuia magari kwanza ili pasiwe na ajali ya pili, kisha piga 999 au 112. Majeruhi anayepumua asivuliwe helmeti wala kunyanyuliwa mikono na miguu na kurushwa juu ya pikipiki nyingine. Shingo iliyovunjika huweza kumlemaza kwa kubebwa vibaya. Akivuja damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachilia hadi msaada ufike.

Mwenye pikipiki na dereva wake wakubaliane leo juu ya mambo mawili: nani ananunua oili, na siku gani ya wiki pikipiki haibebi abiria hadi ikaguliwe. Pikipiki nyingi huharibika kwa sababu kila mmoja alidhani kazi hiyo ni ya mwenzake. Andikeni tarehe na kilomita za kila oili kwenye daftari dogo, likae chini ya kiti. Fundi ataliomba, na siku ya kuuza mnunuzi naye ataliomba.